Mguu wa Mwenyekiti

Aliyenipa habari hizi hakuwa mlevi wala mzushi, nami naziandika kama nilivyozipokea. Atakayeona humu sura ya halmashauri anayoijua, hayo ni yake na macho yake.

Paliondokea mtu akiitwa Mshangama, aliyepanga barua za watu posta kwa miaka thelathini na mitatu. Barua zilipopungua mpaka zikawa hazihitaji mpangaji, naye akastaafishwa. Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki. Wanawe wawili waliishi mbali na walipiga simu sikukuu kwa sikukuu. Nyumba ikamwelemea. Asubuhi alikuwa akikaa kitandani anajisikiliza akipumua, na hakuipenda sauti ile. Siku moja akafunga mlango, akaondoka. Njia aliyopita na jinsi alivyofika si kitu cha kutupotezea muda. Alifika nchi ya Watuni, ambayo wenyeji wake ni watu wapole, wasafi, wapendao sheria.

Mpakani palikuwa na karani mwenye meza iliyopigwa nta ikang'aa.

"Karibuni," alisema karani, akachungulia nyuma ya mgeni. "Wenzenu wako wapi?"

"Niko peke yangu."

Karani akangoja. Hakuwa mkorofi hata kidogo. Alidhani sentensi haijaisha. Alipoona hakuna kinachoongezwa, akavuta daftari jingine, jembamba, akaandika: *Masalia ya kikundi. Sehemu nyingine haijawasili.* Kisha akampa mgeni cheti cha siku tisini na kumwelekeza Mtaa wa Masalia, huko chini, ambako watu wa namna yake walikuwa wakiwekwa.

Nchi nyingine zina katiba. Watuni wana methali. Wahenga wao walisema kwamba mtu ni watu, na waliposema hivyo walikuwa na maana ile ile tuliyo nayo sisi, kwamba binadamu husitiriwa na wenzake. Lakini Halmashauri ya Watuni, kwa bidii yake, iliichukua methali ikaifanya sheria ndogo. Kifungu cha kwanza: *Mtu ni watu.* Kifungu cha pili, kwa ajili ya ufafanuzi: *Watu ni watano.* Mshangama alipouliza kwa nini watano, ofisa mmoja alimwinulia mkono wazi akamwambia, kwa upole wa mtu anayemfunza mtoto, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

"Ni kweli," Mshangama alisema. "Lakini viwili vinatosha."

Ofisa akakiri kwamba hoja hiyo iliwahi kuletwa barazani. Upande wa viwili ulishindwa kwa sababu waliouunga mkono walikuwa wawili tu, na hivyo hawakuhesabika.

Basi huko kila kitu cha umma kilikwenda kwa watano. Mkokoteni wa maji ulisimama penye kikundi cha watano. Jiko la mtaa lilipakua sahani tano au halikupakua. Hata salamu zilikuwa za wingi, na mtu aliyetembea peke yake barabarani alipishwa kwa macho, watu wakitazama pembeni kwa adabu, kama tunavyofanya sisi kwa mtu aliyevaa shati nje ndani. Siku ya tatu Mshangama aligundua kwamba tangu aingie nchini hakuna aliyemtazama usoni. Likamuuma zaidi ya alivyotarajia, maana ukimya aliuzoea, ila kwao alidhani umetokana na kifo. Huku ulikuwa umepigiwa kura.

Akaenda barazani kusikiliza, kwa kuwa milango ya baraza iko wazi kwa wote walio watano, na mlinzi siku hiyo alikuwa amesinzia. Mjadala ulihusu mjamzito: je, ni mtu mmoja au wawili? Diwani mmoja alisema ni wawili, kwa hiyo kikundi chenye wanawake wanne na mimba moja kimekamilika. Mwingine akasimama kwa ukali akauliza, je, ikiwa ni mapacha, na Halmashauri imehudumia watano kumbe ni sita, nani atajibu? Wakabishana mpaka adhuhuri. Mwisho wakaazimia kwamba mjamzito ahesabiwe mmoja na mengineyo.

Baada ya hapo Mwenyekiti wa Halmashauri, Bwana Ngwali, alisoma taarifa ya Fungu la Huduma za Jamii. Fungu hilo lilianzishwa zamani kwa nia njema kabisa: kuwainua walio chini na kupunguza umbali kati ya mtaa wa juu na mtaa wa chini. Kila mwaka sehemu kubwa yake ilibaki, na kilichobaki kilirudishwa ghalani kwa ngoma na biriani, katika siku waliyoiita Sikukuu ya Bakaa.

"Maskini tumewatafuta," alisema Bwana Ngwali, na aliyenipa habari hizi anaapa kwamba uso wake ulikuwa wa mtu mkweli. "Tumetafuta kikundi cha maskini kilichokamilika, hatukukiona. Penye watano tumekuta ndugu, wakwe, mashamba. Ndugu madiwani, umaskini katika nchi hii haujapata akidi."

Wakapiga makofi. Mshangama akatoka nje akasimama juani, hana wa kumwambia alichokisikia.

Mtaa wa Masalia ulikuwa na nyumba tano zilizotazamana na ukuta wa nyuma wa Bwana Ngwali mwenyewe. Mwenye nyumba ya tano alikuwa amekufa mwaka uliopita, na humo ndimo walimotia mgeni. Nyingine nne zilikuwa na mtu mmoja mmoja: Chande fundi cherehani, Bi Mize aliyekuwa akipika vitumbua, mzee Pandu aliyekuwa mpiga zumari na sasa hakusema na mtu, na Bi Somoe msusi wa ukili. Kila mmoja alikuwa mabaki ya watano wake. Walikuwa wakisikiana kukohoa kupitia kuta, na hawakutembeleana, kwa sababu sheria iliwafundisha kwamba mgeni mmoja kwa mwenyeji mmoja si ziara.

Bi Somoe ndiye aliyemwita. Alikuwa ameketi mlangoni, mguu wa kushoto juu ya kigoda, umefunikwa kipande cha kanga.

"Shikamoo," alisema Mshangama, maana Bi Somoe alimzidi umri kwa miaka kumi na zaidi.

"Marahaba." Akamtazama usoni sawasawa, wa kwanza nchini kufanya hivyo. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Unajua kuchota maji?"

Alijua. Alipomletea ndoo, kanga ikasogea, akaona kidonda kilichokuwa kwenye muundi, kipana kama kiganja, na harufu yake ilikuwa imeanza. Bi Somoe hakuona haya. Akamweleza kwamba yeye na wenzake wanne walisuka mikeka pamoja miaka ishirini. Mmoja alikwenda na homa, mmoja na uzazi, mmoja alichukuliwa na binti yake nchi nyingine, na wa nne alikutwa tu asubuhi. Siku ya maziko ya wa nne, karani alikuja na pole za Halmashauri, na kabla ya kuondoka akachomoa kibao cha huduma mlangoni. Kidonda kilianza mwaka uliofuata, kwa kujikwaa tu.

"Na muuguzi?"

"Anapita kila Jumanne." Akanyosha kidevu kuelekea ukuta wa Bwana Ngwali. "Mle mna vikundi tisa. Mna kikundi cha staftahi na kikundi cha kulala mchana. Watu ni wale wale wanane, wanabadilishana tu viti. Anawapima mapigo ya moyo."

"Hajauona mguu huu?"

"Ameuona. Alisimama hapo njiani, akaongea huku anatazama mti. Akasema mvua zikianza kabla hakijafunga, mguu utakatwa." Akaufunika tena mguu kwa kanga. "Si mkatili, yule. Alilia."

Mvua zilikuwa zimebakiza miezi miwili. Mshangama alikwenda kwake, akalala bila kula, na asubuhi akafanya jambo ambalo katika nchi yetu lingekuwa dogo: alibisha hodi nyumba moja baada ya nyingine. Chande alidhani ni moto. Bi Mize alifungua mlango nusu akauliza nani amekufa. Mzee Pandu hakufungua, ila alisogeza pazia.

Akawaambia hesabu rahisi: wao wanne, na yeye wa tano. Chande akasema mgeni hahesabiwi. Mshangama, ambaye alikuwa ameishi kwa kusoma maandishi mabaya ya watu, akawasomea sheria yote mpaka kiambatisho, na hakuna mahali paliposema kuwa wa tano asiwe mgeni. Siku ya kuhesabiwa wakaenda barazani kwa mstari, Bi Somoe akiegemea fimbo. Karani akawahesabu mara tatu, kwanza kwa macho, kisha kwa kalamu, kisha kwa kuwagusa mabega, akawaandikisha kwa jina la Umoja ni Nguvu Namba Kumi na Saba, kwa kuwa namba kumi na sita za mwanzo zilishachukuliwa. Bi Mize akawa katibu, Chande akawa mweka hazina wa hazina isiyokuwapo. Uenyekiti ukamwangukia Mshangama, kwa sababu yeye peke yake aliweza kuisoma katiba ya kikundi kwa sauti bila kulala.

Walirudi mtaani wakiwa wamevimba vichwa kidogo. Mshangama alikuwa amenunua majani ya chai, akidhani watakaa pamoja. Chande alipofika mlangoni pake akageuka akasema, "Alhamdulillahi, tumekuwa watu," akaingia, akafunga. Wengine nao wakaingia kwao. Sasa walikuwa na karatasi inayosema hawako peke yao, na hapakuwa na sababu tena ya kutoka nje. Mshangama akanywa chai yake akitazama vikombe vinne vitupu, akajiona mjinga.

Jumanne muuguzi alikuja. Jina lake Tausi, mwanamke mnene mwenye hatua za haraka, na sanduku lake lilikuwa jeupe. Bi Somoe alikuwa ameuosha mguu tangu alfajiri, ameukalisha juu ya kigoda.

"Mwenyekiti ni nani?" aliuliza Tausi.

"Mimi," alisema Mshangama.

"Kaeni. Nyosheni mguu."

Alidhani amesikia vibaya. Tausi akafungua kanuni akamsomea bila kuinua macho: *Huduma itapokelewa na mwenyekiti kwa niaba ya kikundi.* Kikundi kiliomba matibabu ya mguu wa kushoto. Mguu wa kushoto wa kikundi ni wa mwenyekiti. Mguu mwingine wowote ni wa mjumbe.

"Dada, angalia mwenyewe. Wangu ni mzima."

"Nikigusa mguu wa mjumbe, jioni hii si muuguzi tena, na anayekuja baada yangu hatatazama hata mti."

Akapiga magoti. Akauosha ule mguu mzima wa Mshangama kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, toka goti mpaka vidole, na huku akisema kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama anayezungumza na kiziwi: "Maji yachemshwe na chumvi, yaachwe yapoe. Unaanza katikati, unakwenda nje. Usisugue. Dawa hii nyembamba, si nene. Bandeji isikazwe, kidole kipite." Alimaliza, akaacha mezani bandeji ya akiba ambayo kanuni haikuitaja, akaondoka akiwa amegeuza mgongo muda wote kwa Bi Somoe, ili kesho akiulizwa aseme hakuona.

Mshangama akajifungua bandeji mguuni, akasogeza kigoda, akafanya kama alivyofundishwa. Aliuosha mguu wa Bi Somoe kuanzia katikati ya kidonda kwenda nje. Bi Somoe alikuwa ameshika ukingo wa mlango, na mara akaanza kulia bila sauti.

"Nakuumiza?"

"Hapana. Endelea." Baadaye kidogo akasema, "Tangu yule wa nne, sijaguswa na mtu. Nilikuwa nimesahau kwamba nina ngozi."

Mshangama alikumbuka mkono wa mkewe, akainama zaidi ili uso wake usionekane.

Ikawa hivyo Jumanne tatu. Tausi alitibu mguu mzima, Mshangama akauhamishia mguu mgonjwa matibabu yake. Kidonda kikaanza kuwa chekundu, kingo zikasogeleana. Siku nyingine za wiki alichemsha maji yake mwenyewe. Siku hizo walizungumza: ukili, barua, ni nani alikuwa akiimba vizuri. Mzee Pandu alikuwa akisogeza pazia kusikiliza, na walipomkaribisha akaliachia.

Jumanne ya nne akaja mkaguzi. Akamtaka mwenyekiti avue kiatu. Akautazama mguu mbele, akautazama nyuma, akaubinya, akaandika: *Kikundi kimepona kabisa.* Ndani ya wiki tatu, jambo ambalo halijapata kutokea kwa Watuni.

Mshangama akainuka kwa hasira, hasira ambayo hakujua kama bado anayo. Akaivuta kanga ya Bi Somoe kando. "Na huu?"

Mkaguzi akainama akautazama, na kwa haki ya Mungu uso wake ulimhurumia. "Pole sana, mama," alisema. "Huo ni wa mjumbe." Akafunga daftari. Huduma ikakoma siku ile, maana nani anamtibu aliyepona?

Mtu mwingine angekata tamaa. Mshangama akanunua chumvi. Akararua shuka lake moja akalichemsha, akalianika, akalikata vipande. Hakuwa na dawa, lakini alikuwa na yale maneno ya Tausi, na kila asubuhi aliyarudia kwa sauti huku anafanya. Kidonda kikaenda polepole, siku kinaendelea, siku kinarudi nyuma. Wingu la kwanza la mvua lilipoonekana kilikuwa kimebaki upana wa sarafu.

Habari zikafika juu. Haijulikani nani alizipeleka. Ukuta wa Bwana Ngwali ulikuwa na madirisha. Asubuhi moja wakaja madiwani kwa watano watano, na mpiga picha, na watu wa ngoma ya Bakaa. Wakaukuta mlango wa Bi Somoe wazi, Mshangama amepiga magoti, beseni katikati. Wakasimama kwa heshima kubwa. Tausi alikuwa nyuma yao bila sanduku lake.

Bwana Ngwali akahutubia, na sauti yake ilitetemeka kwa furaha ya kweli.

"Ndugu zangu, miaka yote tumeulizwa, na mtu mmoja je? Nani atamwona? Leo mmejionea. Bila fungu, bila muuguzi, bila kanuni, jirani amemwona jirani. Haya ndiyo tuliyoyataka. Kwa hiyo naleta hoja kwamba mtaa huu, na mitaa yote ya chini, imekomaa, na kwamba huduma zilizosalia huku zirudishwe ghalani, zisiwaharibie watu wema huu."

Hoja ikapita hapo hapo mlangoni. Tausi akaambiwa kwamba kuanzia Jumanne atakuwa upande wa juu tu. Mpiga picha akamwomba Mshangama ainue kitambaa kidogo, kidonda kisionekane sana. Mkokoteni wa maji, ambao ulikuwa ukisimama nyumba ya tatu kwa ajili ya vikundi vya mtaa wa pili, ukageuzwa siku hiyo hiyo. Walipoondoka, ngoma ilisikika mpaka ilipopanda kilima.

Chande alifungua mlango wake akatazama mahali mkokoteni ulipokuwa ukisimama. Hakumlaumu mtu. Akafunga.

Cheti cha mgeni kilikuwa kimebakiza siku mbili. Ofisa alishamletea ujumbe kwamba, kwa kuwa amekuwa mfano, anaweza kukaa atakavyo. Mshangama aliwasha jiko, akateleka maji, akatia chumvi. Wema wake wote wa miezi ile ulikuwa umechukuliwa ukafanywa ufunguo, na kwa ufunguo huo wamefunga mlango wa kila mgonjwa wa mtaa wa chini. Na hata hivyo mguu ulikuwa pale, juu ya kigoda, unangoja.

"Ondoka," Bi Somoe alisema.

"Hakijafunga bado."

"Najua. Ni mguu wangu." Alikuwa anatazama barabara. "Lakini ukikaa hapa, mdogo wangu, watasema nina watu."

"Na nikiondoka?"

Bi Somoe alifikiri kwa muda mrefu, kwa sababu alikuwa mtu wa kusema kweli na alitaka kuipata yote.

"Watasema sipo."

Mshangama akaepua sufuria, akamimina maji katika beseni, akakunja mikono ya shati. Maji yalikuwa bado ya moto, ikabidi yangojwe yapoe. Wakayangoja, kila mmoja akitazama upande wake, na tone la kwanza la mvua likagonga bati.